Somo la Vikundi: Mbolea ya Ukoka wa Nyumbani

Somo hili limekusudiwa kusomwa na kujadiliwa katika vikundi vya elimu vya vyama vya msingi. Linahusu uwanja wa majani unaozunguka nyumba ya mwanachama au ofisi ya chama, na hasa namna ya kuchagua mbolea na kuiweka kwa kipimo.

Huenda wapo watakaouliza kwa nini jarida la ushirika lishughulikie nyasi za uani badala ya pamba na mahindi. Jibu ni kwamba mfuko wa mbolea ni ule ule. Kila kilo inayomwagwa ovyo nyumbani ni fedha iliyokosekana shambani, na mvua ikishaichukua huishia ziwani.

UKOKA NA UDONGO WA BUHONGWA

Buhongwa ipo kusini mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Usagara na Shinyanga. Sehemu hii ambayo zamani ilikuwa mashamba sasa imejaa nyumba, na nyingi zimejengwa kwenye miteremko yenye mawe. Ua usio na majani huchimbwa na mvua mpaka misingi ya nyumba ikabaki wazi. Ukoka huushika udongo huo. Mkulima anaujua ukoka kama gugu sugu la shambani, lakini ukipakana na njia au mstari wa mawe, na kingo zikakatwa kila mara, huwa mlinzi mwema wa kiwanja.

Ukoka ni jani la nchi za joto. Hukua kwa nguvu joto linapozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Mwanza, iliyo katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, haina baridi ya kuulaza. Kinachoulaza ni ukame wa Juni hadi Septemba. Kwa hiyo kalenda ya mbolea ya ukoka hapa hufuata mvua.

Udongo nao hutofautiana. Juu ya miteremko upo udongo wa kichanga unaotokana na mawe ya matale, ambao Wasukuma huuita luseni. Huu hauhifadhi chakula cha mmea: mvua kubwa hukichuja na kukipeleka chini ya mizizi. Mabondeni upo udongo mweusi wa mbuga, ambao huhifadhi zaidi lakini hutuamisha maji. Mwenye luseni aweke mbolea kidogo kidogo. Mwenye mbuga aweke mara chache zaidi.

KUSOMA MFUKO

Jina la mbolea halitoshi. Penye mfuko huandikwa tarakimu tatu: ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosfati, ya tatu potashi, zote kwa kila kilo 100 za mbolea. Naitrojeni hukuza majani, fosfati husaidia mizizi michanga, na potashi huupa mmea uwezo wa kuvumilia ukame na magonjwa.

Ukoka uliokwisha kushika huhitaji naitrojeni zaidi ya vingine. Mfuko wa kilo 50 huwa na kiasi hiki cha naitrojeni:

Urea (46): kilo 23.
CAN (26): kilo 13.
SA (21): kilo 10 na nusu.
NPK 17-17-17: kilo 8 na nusu.

Ili kujua ipi ni rahisi kwa kweli, bei ya mfuko igawanywe kwa kilo hizo za naitrojeni. Mara nyingi mfuko wa bei ndogo huonekana kuwa ghali baada ya hesabu hii.

Bei pekee haitoshi kuamua. Urea ina nguvu, lakini ikiachwa juu ya udongo bila maji sehemu yake hutoroka hewani. SA huongeza uchachu wa udongo ikitumiwa miaka mingi mfululizo, na luseni huchachuka upesi. CAN haichachushi sana, hivyo yafaa penye luseni. DAP (18-46-0) ni ya kupandia. Kuiweka kila mwaka juu ya ukoka uliokomaa ni kulipia fosfati isiyohitajika.

Mbolea ya ruzuku ina masharti yake. Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa, kwa ajili ya mazao yao. Mfuko huo ni wa shamba. Kuumwaga uani ni kumnyima chakula mtoto wa nyumbani ili kunenepesha maua ya mgeni.

SAMADI

Kabla ya kununua chochote, zizi litazamwe. Si mbali na Buhongwa, wilayani Misungwi, kipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambako samadi ilijaribiwa kwenye pamba tangu miaka ya 1930. Faida ya samadi haiishii msimu mmoja, kwani huongeza uwezo wa udongo wa kichanga kushika maji na chakula.

Kwa ukoka, samadi iwe imeoza kabisa na kuchekechwa. Itandazwe kiasi cha kilo moja kwa mita moja ya mraba, mvua zinapoanza, kisha ifagiliwe ili ishuke kati ya majani. Samadi mbichi huleta mbegu za magugu na nzi.

KUPIMA

Kipimo cha kukumbuka ni gramu 5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba, kwa mara moja. Uchukuliwe mfano wa uwanja wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 200. Gramu 5 mara 200 ni gramu 1,000, yaani kilo moja ya naitrojeni. Mahitaji yake ni:

Urea: kilo 2.2.
CAN: kilo 3.8.
SA: kilo 4.8.

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Mwenye uwanja huo akimwaga nusu mfuko wa Urea, amepita kipimo zaidi ya mara kumi na moja. Ukoka utaungua na kuwa wa kahawia, na ziada itasombwa na maji. Ziwa Viktoria limekwisha kuonja matokeo ya chakula kingi majini: mwani huongezeka, na magugu maji yaliyoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalifunga njia za mitumbwi na kuwatesa wavuvi. Uwanja mmoja hauwezi kuliharibu ziwa, lakini viwanja vya mji mzima vina uzito.

Mfuko mmoja wa Urea unatosha viwanja 23 vya ukubwa huo kwa mara moja, au nyumba 11 kwa mara mbili za mwaka. Basi ni vema wanachama wanunue mfuko kwa pamoja kwa muuzaji aliyesajiliwa, waufungue mbele ya wote, na kugawana kwa mizani ya chama. Kila fungu liandikwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

KUWEKA

1. Mara ya kwanza iwe Novemba, mvua zikishashika; ya pili iwe Machi. Wakati wa kiangazi mbolea isiwekwe mahali pasipomwagiliwa.

2. Penye luseni, kipimo kigawanywe mara mbili: nusu kwanza, nusu baada ya wiki tano.

3. Majani yawe makavu. Mbolea ichanganywe na mchanga mkavu, kisha igawanywe mafungu mawili. Fungu moja lirushwe kwa kutembea urefu wa uwanja, la pili kwa kukata upana. Mistari ya majani ya kijani na ya njano haitatokea.

4. Maji yamwagiwe mara moja, au isubiriwe siku ya manyunyu. Mbolea isiwekwe wingu la dhoruba likiwa limetanda.

5. Ukingo wa upana wa mita mbili kando ya mfereji, kisima au kijito uachwe bila mbolea.

6. Mbolea isichanganywe na majivu wala chokaa, kwa sababu naitrojeni hupotea.

7. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe mpaka mbolea iyeyuke. Urea huua mifugo. Masalio yafungwe na kuwekwa juu ya ubao, mbali na watoto na chumvi ya jikoni.

Baada ya hapo ukoka ukatwe mara kwa mara, na majani mafupi yaliyokatwa yaachwe palepale. Yakioza hurudisha sehemu ya naitrojeni bila gharama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Uwanja wa ofisi ya chama una mita za mraba ngapi? Unahitaji kilo ngapi za CAN?

2. Kwa bei za sasa dukani, kilo moja ya naitrojeni ni shilingi ngapi katika Urea, CAN na SA?

3. Maji ya mvua kutoka ofisini hupita wapi kabla ya kufika ziwani?

4. Ikiwa fedha zinatosha mfuko mmoja tu, shamba na uani vigawane vipi? Sababu zitajwe.