Mauzo ya mtandaoni yamepoa? Soma taarifa ya tili kabla hujashusha bei

Mwaka jana mabakuli yako ya mawe ya Tabaka yalikuwa yanatoka vizuri kwenye soko la mtandaoni. Sasa simu imenyamaza. Jirani yako wa Suneka anayeuza viatu naye analia vivyo hivyo. Ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu ni kushusha bei. Sisi tunakuomba usubiri kidogo, kwa sababu bei ni rahisi kushusha na ngumu sana kurudisha.

Tuanze na hesabu. Tuseme unachukua bakuli kwa mchongaji kwa sh650. Boksi na karatasi za kufungia ni sh60. Unauza sh1,200 na soko linakata kamisheni ya 15%, yaani sh180 (hiyo ni ya mfano tu, yako iko kwenye masharti ya soko lako na hubadilika kulingana na aina ya bidhaa). Usafiri analipa mnunuzi. Unabaki na sh310 kwa kila bakuli. Ukiuza 40 kwa mwezi, faida ni sh12,400.

Sasa mwezi umekuwa mbaya, unashusha bei hadi sh1,000. Kamisheni inakuwa sh150. Mchongaji hajapunguza, boksi halijapungua. Unabaki na sh140. Ili upate zile sh12,400 lazima uuze mabakuli 89. Yaani umetoa sh200 peke yake kwenye bei, lakini unatakiwa kuuza zaidi ya mara mbili. Je, hao wateja 49 wa ziada wako wapi? Na kama ulikopa kwa simu sh10,000 za kununua mali, na ada ya mkopo ni 8%, hiyo sh800 ni faida ya karibu mabakuli sita kwa bei mpya. Kwa bei ya zamani ilikuwa chini ya matatu.

Tusisahau pia jiwe huvunjika. Bakuli moja likifika Nairobi vipande viwili na ukarudisha pesa, umepoteza sh710 za mali na boksi, mbali na usafiri. Hapo faida ya mabakuli mawili mazima imeenda. Kuna wauzaji wanaodhani soko limewaangusha kumbe ni ufungaji. Kabla ya kugusa bei, hesabu marejesho ya miezi mitatu.

Kilichoshuka ni nini hasa?

Pakua taarifa ya malipo ya miezi 12 kwenye programu ya simu, uandike vitu viwili kwa kila mwezi: malipo yalikuwa mangapi, na kwa wastani kila malipo yalikuwa shilingi ngapi. Daftari la shule linatosha.

Ukiona umetoka malipo 40 hadi 26 lakini wastani bado ni sh1,200, wanaonunua bado wanakubali bei yako, ila ni wachache. Fungua ukurasa wako sokoni uangalie idadi ya watu walioona tangazo. Ikiwa nayo imeanguka, tangazo limesukumwa chini, na hapo tiba ni picha mpya, kichwa cha tangazo kinachotaja kile watu wanachotafuta, na kujibu maswali haraka. Ikiwa wanaoona ni walewale lakini hawanunui, basi sasa uliza kuhusu bei. Lakini uliza na gharama ya usafiri pia. Jiwe ni zito, na kuna mtu anayekubali bakuli la sh1,200 akakimbia akiona gharama ya kulileta.

Ikiwa idadi iko sawa lakini wastani umeshuka, wateja bado wapo ila wanachukua vitu vidogo. Hapo ongeza vitu vidogo. Usipunguze bei ya vikubwa.

Angalizo moja. Masoko mengine humwacha mnunuzi akulipe moja kwa moja. Mengine hupokea pesa yenyewe, hukata kamisheni na makato mengine, kisha hukutumia jumla ya wiki. Ukiwa kwenye aina hii ya pili, pesa inayoingia si mauzo, ni mabaki. Linganisha na taarifa ya soko lenyewe, mstari kwa mstari. Inawezekana mauzo hayajashuka na ni makato yaliyopanda.

Na linganisha Oktoba na Oktoba, si Oktoba na Januari. Huku kwetu Kisii na Nyamira pesa hufuata majani chai. Bonasi kwa kawaida huingia Oktoba, Desemba watu wanarudi nyumbani, Januari kila shilingi inaenda kwa karo. Kama wateja wako wengi ni wa Keroka, Nyansiongo au Ogembo, Januari mbaya si ugonjwa. Anayeuza Marekani ana sababu nyingine kabisa: tangu tarehe 29 Agosti 2025 vifurushi vya thamani ya hadi dola 800 haviingii tena huko bila ushuru. Ukishusha bei hapa nyumbani bado mnunuzi anakutana na ushuru kule.

Soko si lako, wateja wanaweza kuwa wako

Masoko haya huja na kuondoka. OLX iliuza biashara yake ya Kenya kwa Jiji mwaka 2019. Sky.Garden ilitangaza kufunga mwaka 2022, ikanunuliwa na Lipa Later, na Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2025. Copia ilikuwa imefika hapo mwaka 2024. Muuzaji aliyekuwa na kila kitu ndani ya duka moja la mtandaoni alibaki na stoo imejaa na hajui pa kumpata mteja hata mmoja.

Kwa hivyo weka orodha yako. Siku hizi taarifa za malipo mara nyingi huficha sehemu ya nambari ya mteja, kwa hivyo usitegemee hizo. Anayekupigia au kuja dukani mwenyewe, muulize kama angependa kujulishwa mali mpya ikifika, na akikubali andika jina, nambari na alichonunua. Kuomba ruhusa ni lazima: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu hata mfanyabiashara mdogo. Soma pia masharti ya soko, maana mengi yanakataza kumhamisha mnunuzi katikati ya oda, na akaunti inaweza kufungwa.

Ukianza kuuza moja kwa moja, malipo yatakuwa yanakufikia wewe, na walaghai wanajua kuwa mwenye njaa ya mauzo hana subira. Ujumbe wa malipo ya uongo hufanana sana na wa kweli. Usifungue ule ujumbe na kuamini. Angalia salio la tili ndani ya programu, uone jina na kiasi, ndipo upeleke kifurushi steji. Akikuharakisha kwamba boda tayari iko mlangoni, mwambie boda isubiri.