Njia ya Mkato ya Vidole

Mchuma chai wa Rungwe au wa Mufindi hutumia mikono yote miwili. Vidole vyake vyajua kazi, na macho yake hutangulia kutazama kichaka kinachofuata. Mtu afanyaye kazi ya kompyuta naye aweza kuvifundisha vidole vyake vivyo hivyo.

Kanzidata ni ghala ya habari ndani ya kompyuta. Humo majina ya wakulima, vijiji vyao na kilo za mazao yao hupangwa kwa safu na mistari. Mtu atengenezaye kanzidata hurudia maneno yale yale mara nyingi. Kila akiacha kibodi ashike kipanya, apoteza sekunde chache. Ikiwa safari moja ya mkono yala sekunde 3, safari 1,200 zitakula sekunde 3,600, ndiyo saa nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa sababu hiyo zilibuniwa njia za mkato. Katika miaka ya 1970 Larry Tesler na Tim Mott, wafanyakazi wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walitengeneza namna ya kukata maneno na kuyabandika mahali pengine. Leo, katika kompyuta nyingi, mtu hubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na C ili kunakili, X kukata, V kubandika, na Z kutangua kosa. Herufi hizo nne ni jirani, hata mkono wa kushoto hauendi mbali.

Lakini wepesi una hatari yake. Mfano wake ni huu. Vijana wawili, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Iringa, walipewa kila mtu daftari lake la wakulima, amhamishe mkulima mmoja kijiji. Amri ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema, "Andika kijiji kipya"; wa pili, "kwa mkulima namba 215 peke yake."

Katika programu kadha wa kadha za kanzidata, kitufe cha F5 hutekeleza amri. Na sehemu moja ikitiwa alama, hutekelezwa hiyo tu. Kijana wa Mbeya alikuwa ametia alama mstari wa kwanza bila kutambua. Akabonyeza F5. Mara wakulima wote wakawa wa kijiji kimoja! Akabonyeza Ctrl na Z, lakini wapi! Vitufe hivyo hutangua maandishi ya amri, wala havitangui lililokwisha kuthibitishwa ghalani. Akakaa siku tatu akinakili upya kutoka katika karatasi, na malipo ya wakulima yakangoja.

Kijana wa Iringa naye alikuwa na vidole vyepesi. Lakini kwanza aliweka nakala ya akiba, kisha akaiamuru kanzidata isithibitishe neno mpaka atakapoiambia. Akatoa amri, akahesabu mistari iliyobadilika, akaona ni 1. Ndipo akathibitisha.

Wepesi wa mkono ni mzuri ukitanguliwa na macho. Na akiba haiozi.

MASWALI
1. Vitufe gani hunakili, na vipi hubandika?
2. Kwa nini Ctrl na Z havikumwokoa kijana wa Mbeya?
3. Kijana wa Iringa alifanya mambo gani kabla ya kuthibitisha?