Mgombea wa Kwetu: Somo la Uraia

Wanafunzi wa kidato cha tatu wameniuliza: je, mgombea apimwe kwa asili yake au kwa maneno yake? Naona yafaa nijibu kwa mfano wa mtu wa karibu, marehemu Benjamin William Mkapa, aliyegombea urais mwaka 1995.

Kwanza tutazame alikotoka. Alizaliwa Lupaso, humu humu Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Alisoma Lupaso, Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha Makerere, alikohitimu mwaka 1962. Baadaye alikuwa mhariri wa magazeti, balozi, waziri, na tangu 1985 Mbunge wa Nanyumbu. Basi, historia hiyo yatuonyesha mtu aliyeizoea kazi ya serikali. Haituonyeshi bado kwamba ni mwaminifu. Na kuwa mtu wa kusini si hoja hata kidogo, kwa kuwa hakuna achaguaye mahali pa kuzaliwa. (Najua wazee wengine wa hapa Chiwata hawatanikubalia.)

Pili, msimamo wake. Huo ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992. Mkapa wa CCM alisema atapiga vita rushwa. Lakini Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kabla ya kuhama chama, naye aliipigia kelele rushwa hiyo hiyo, na watu walimjalia viwanjani. Hapo ndipo penye ugumu. Wagombea wawili wakisema neno moja, mpiga kura hana budi kuuliza: utafanyaje, na kwa sheria gani? Mwalimu Nyerere alizunguka nchini kumwombea Mkapa kura, akimsifu kwa usafi wake. Sifa ya mtu mkubwa ina uzito, lakini haijibu swali hilo.

Mkapa alipata kura 61.8 kwa mia, na Mrema 27.8. Profesa Lipumba na John Cheyo waligawana zilizobaki.

Tatu, matendo, maana ahadi hupimika baadaye. Mwaka 1996 aliunda Tume ya Jaji Warioba ichunguze rushwa, nayo ikatoa taarifa yake mwaka huo huo. Ada ya shule za msingi ilifutwa katika utawala wake. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Wazazi wenu wanakikumbuka kivuko cha Ndundu, na siku walizolala kando ya mto wakikingoja. Kwa upande mwingine, uuzaji wa mashirika ya umma, ikiwamo Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 2000, ulileta manung'uniko ambayo hayajaisha. Mimi naona daraja lilitufaa kusini kuliko hotuba zote, ila juu ya benki sikubaliani naye.

Alifariki tarehe 24 Julai 2020, akazikwa Lupaso.

Kazi ya likizo: kila mwanafunzi amchague diwani mmoja wa kata yake, aandike alikotoka, alichoahidi na alichotenda, katika safu tatu. Wazazi wanaombwa kusaidia kukumbuka ahadi.