Kuona na Kuhitimisha: Somo la Galaksi Zinazofunikana

Watoto huamini upesi kwamba vitu vinavyoonekana pamoja viko pamoja. Mwalimu wa sayansi hana budi kuwazoeza kutenganisha walichokiona na walichokihitimisha. Mfano ufaao tunaupata angani.

Maelezo kwa mwalimu

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi. Mwaka 1835 John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliona waa hafifu la nuru ambalo leo huitwa NGC 3314. Kumbe ni galaksi mbili, moja mbele ya nyingine, zote zikiwa mbali nasi kwa zaidi ya miaka-nuru milioni 100. Hazigusani, zimepangana tu katika mstari wa macho yetu. Lakini NGC 4567 na NGC 4568, ambazo nazo huonekana zikifunikana, zimekaribiana kweli na zimeanza kugongana.

Siku hizi hata wapenzi wa elimu ya nyota wasio wataalamu huzipiga picha galaksi za namna hii. Hufunga kamera kwenye darubini inayofuata mwendo wa nyota, hupiga picha nyingi kwa saa kadhaa, kisha huziunganisha kwa kompyuta ili nuru hafifu ionekane.

Hatua za somo

1. Tundika kipande cha chandarua cheupe mbele ya dirisha lenye mwanga. Watoto waeleze kwa nini nyuzi zinaonekana nyeusi. Vivyo hivyo, vumbi la galaksi ya mbele huzuia nuru ya ile ya nyuma, nasi hujua ipi iko mbele.

2. Uwanjani, watoto wawili wasimame mbalimbali katika mstari mmoja. Mwenzao afumbe jicho moja, awatazame na kusema kama wanagusana. Kisha apige hatua chache kando, atazame tena.

3. Uliza: galaksi tutazizungukaje? Haiwezekani. Ndiyo maana wataalamu hupima umbali na miendo yake, wala hawatosheki na picha peke yake.

Tahadhari

Mwalimu asitangulie kutoa jibu. Mtoto aliyekosea kisha akasogea na kujionea mwenyewe amejifunza zaidi ya yule aliyeambiwa.

Tathmini

Kila mtoto aandike sentensi mbili: “Nimeona...” na “Nadhani... kwa sababu...” Akizichanganya, tumrudishe uwanjani.