Mada ya 9: Metali Nzito katika Mazingira ya Kila Siku – Zebaki, Dhahabu na Utando Mwembamba

Fikiria uko Lamadi, pale barabara ya Mwanza–Musoma inapokutana na ile ya kwenda Bariadi. Mwaloni dagaa wameanikwa, na nyuma ya nyumba moja mtu aliyetoka machimboni anafungua kitambaa. Ndani kuna kidonge cha rangi ya fedha, kikubwa kama punje ya hindi. Anakiweka kwenye kopo, analiweka kopo juu ya jiko la mkaa na kupuliza. Baada ya dakika chache kidonge kimegeuka njano na kimepungua uzito. Ule uzito uliopungua umekwenda wapi?

Ukiweza kulijibu swali hilo sawasawa, umeshika mada hii. Halihitaji maabara, kwa sababu machimbo madogo ya dhahabu yako katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa: Geita, Mwanza, Mara, Shinyanga na Simiyu yenyewe.

Kidonge kile ni nini?

Metali nzito kwa kawaida ni ile yenye densiti inayozidi 5 g/cm³. Risasi ni 11.3, zebaki 13.6 na dhahabu 19.3. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchimbaji humwaga zebaki kwenye mchanga uliooshwa. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu na kuuacha mchanga. Matokeo yake ni aloi iitwayo amalgamu, na mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni zebaki.

Kuitenganisha ni suala la kiwango cha kuchemka. Zebaki huchemka kwenye 357 °C. Dhahabu haiyeyuki hata kidogo mpaka ifike 1064 °C. Kwa hiyo jiko la mkaa linatosha kuiondoa zebaki na kuiacha dhahabu.

Hapa ndipo watahiniwa wengi wanapopoteza alama. Mtaani tunasema "kuchoma dhahabu", basi mtu anaandika kwamba zebaki imeungua. Haikuungua. Imegeuka mvuke, na atomu zake ni zilezile. Ni badiliko la kiumbo, si la kikemia. Na kwa kuwa haikuungua, haikwisha: bado ipo mahali fulani pale nyumbani.

Tuhesabu

Amalgamu ya gramu 10 imebakiza dhahabu gramu 5.5. Zebaki iliyotoka ni gramu 4.5. Tuseme kazi ilifanyika ndani ya chumba kilichofungwa chenye urefu wa mita 4, upana mita 3 na kimo mita 2.5. Ujazo wake ni 30 m³.

Usikimbilie kugawanya 4.5 kwa 30. Hewa yenye 25 °C haiwezi kubeba mvuke wa zebaki zaidi ya takribani miligramu 20 kwa kila mita ya ujazo. Hewa yote ya chumba basi itabeba 30 × 20 = miligramu 600, yaani gramu 0.6. Gramu 3.9 zilizobaki hupoa na kutua kama vitone vidogo visivyoonekana: ukutani, kwenye bati, kwenye godoro, kwenye sufuria. Kesho yake vitone hivyo huanza kuvukiza tena polepole. Ndiyo maana chumba kilichotumika mara moja huendelea kutoa mvuke muda mrefu, na anayelala humo huuvuta bila kuwa ameshika zebaki hata siku moja.

Linganisha: Shirika la Afya Duniani limependekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo. Miligramu 20 ni mikrogramu 20,000.

Njia ya kuingia mwilini

Watu huogopa kumeza zebaki na kudharau mvuke wake. Kwa zebaki ya kawaida, ile ya majimaji, mambo ni kinyume. Ukiimeza, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Ukivuta mvuke wake, takribani asilimia 80 hubaki mwilini: hupita kwenye mapafu, ikaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Dalili ni mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi na kupoteza mwelekeo wakati wa kutembea. Huvuka pia kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Huko Rwamagasa, mkoani Geita, wachimbaji walipimwa miaka ya mwanzo ya 2000 chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO. Waliokuwa na zebaki nyingi zaidi mwilini walikuwa wachomaji wa amalgamu.

Zebaki inayoingia majini ina hadithi nyingine. Kwenye matope yasiyo na oksijeni bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo ukila hufyonzwa vizuri sana. Hupanda mnyororo wa chakula, kutoka viumbe wadogo hadi dagaa, kutoka dagaa hadi sangara, na kila ngazi huwa na kiasi kikubwa kuliko iliyotangulia. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na samaki wa namna hiyo, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Lakini usiandike kwamba samaki wa Ziwa Viktoria ni sumu. Samaki wengi waliopimwa ziwani walikuwa chini ya kikomo cha 0.5 mg/kg, na sangara wakubwa ndio walioelekea kuwa na zaidi.

Dhahabu inayokamata zebaki

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Utajuaje upo? Wanasayansi wametumia tabia ileile anayoitumia mchimbaji: dhahabu na zebaki hushikana. Hutandaza dhahabu juu ya kioo au kauri ikawa utando mwembamba, kisha hupitisha umeme kwenye utando huo na kupima ukinzani.

Kumbuka R = ρL/A. Chukua utando wenye urefu wa milimita 20, upana milimita 1 na unene nanomita 20. Ukinzani mahususi wa dhahabu ni 2.4 × 10⁻⁸ Ωm.

A = (1 × 10⁻³) × (20 × 10⁻⁹) = 2 × 10⁻¹¹ m²
R = (2.4 × 10⁻⁸ × 2 × 10⁻²) ÷ (2 × 10⁻¹¹) = 24 Ω

Kipande cha urefu na upana uleule lakini chenye unene wa milimita 1 kingekuwa na 0.00048 Ω tu. (Kwa kweli utando mwembamba hivi huwa na ukinzani mahususi mkubwa kuliko huo, ila kwa mtihani wako hesabu hii inatosha.)

Wembamba unasaidia nini? Nanomita 20 ni sawa na atomu za dhahabu kama 70 zilizopangwa mstari mmoja. Katika kipande kinene, atomu chache za zebaki zikitua juu, elektroni nyingi hupita ndani bila kujua. Katika utando hakuna "ndani" ya kukimbilia. Atomu za zebaki husumbua mwendo wa elektroni, ukinzani hupanda, na kifaa husoma kupanda huko kama kiasi cha zebaki hewani. Utando ukijaa hupashwa moto, zebaki ikatoka na kifaa kikawa tayari tena. Ndicho kilekile kilichofanyika kwenye kopo la Lamadi, isipokuwa hapa zebaki inayotoka hunaswa kwenye kichujio.

Mchimbaji naye anaweza kuinasa. Ritoti ni chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba refu linalopozwa kwa maji. Mvuke hupita bombani, hupoa na kudondoka kama zebaki inayotumika tena, kwa hiyo humpunguzia gharama pia. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa aina hii zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Jipime

1. Eleza kwa nini kupasha moto amalgamu ni badiliko la kiumbo. (alama 3)

2. Utando wa dhahabu wa 24 Ω umepanda hadi 24.6 Ω baada ya kupitishiwa hewa ya chumba. Tafuta ongezeko kwa asilimia, kisha eleza kwa nini waya mnene wa dhahabu usingefaa kwa kazi hii. (alama 5)

3. Jirani yako huchomea amalgamu jikoni usiku, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, na asubuhi hufungua madirisha "ili moshi utoke". Kwa kutumia hesabu ya chumba cha 30 m³, mweleze kwa nini kufungua madirisha hakutoshi, na umchoree ritoti ukionyesha sehemu ya kupashia moto, bomba na maji ya kupozea. (alama 7)