Dada, naweza kuwarekodi HOA?

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka kaskazini mwa Virginia, pole na hiyo barua ya faini kutoka HOA, chama cha wenye nyumba cha mtaa wenu. Nyumba umeinunua kwa jasho lako, na bado kuna watu wa kukupangia gari lilale wapi! Unasema mwenyekiti wa bodi aliahidi mbele ya wanachama kwamba gari la kazi la mumeo wataliacha, lakini muhtasari wa kikao ulipotoka, ahadi haimo. Mkutano uliofuata ukatoa simu urekodi, meneja akakwambia sheria inakataza. Ukaizima.

Ungeiacha iendelee. Sheria ya Virginia inayosimamia vyama hivi vya wenye nyumba inasema waziwazi kwamba mwanachama anaweza kurekodi sehemu yoyote ya mkutano unaotakiwa kuwa wazi. Bodi inaruhusiwa kuweka kanuni za mahali pa kuweka vifaa ili visivuruge kikao, na kumtaka anayerekodi aseme kwamba anarekodi. Kukukataza kabisa hawana ubavu huo. Safari ijayo mwombe meneja, kwa adabu zote, akuonyeshe hilo katazo limeandikwa wapi. Halafu nyamaza, umsubiri.

Florida na Arizona nazo zimewapa wenye nyumba haki hiyo kwa maandishi. Arizona hata kukudai taarifa ya mapema ni marufuku, ingawa bodi ikirekodi yenyewe na kuwapa wanachama rekodi nzima bila kuikatakata, inaweza kuwazuia ninyi.

Kinachonitia wasiwasi ni ndugu zetu walio ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Maryland, maana tunatumiana ushauri WhatsApp kana kwamba Marekani nzima ina sheria moja. Maryland mazungumzo ya faragha hayarekodiwi mpaka wanaozungumza wote waridhie. Ukikiuka ni kosa kubwa la jinai: kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 10,000, au vyote viwili. Wa rika langu mtamkumbuka Linda Tripp, yule aliyerekodi simu za Monica Lewinsky akiwa nyumbani kwake Maryland. Mwaka 1999 jimbo lilimshtaki kwa sheria hiyohiyo, na mashtaka yakafutwa mwaka 2000 baada ya kumhangaisha vya kutosha. Sasa, mkutano wa ukumbi mzima ni mazungumzo ya faragha kweli? Mawakili wanaweza kubishana hapo hadi kuche, na anayelipia mabishano ni wewe. Uliye Maryland, simama mwanzoni mwa kikao, sema unaomba kurekodi, na utake jibu lao liingie kwenye muhtasari. California, Pennsylvania na Washington nazo zinataka ridhaa ya wote, kwa hiyo fanyeni vivyo hivyo.

Walio Texas, Georgia na Minnesota wana nafuu, kwani huko ridhaa ya mmoja kati ya wanaozungumza inatosha. Ila nafuu hiyo inakuepusha na kesi ya jinai tu. Bodi inaweza kuwa na kanuni zake za mikutano, basi zisome kabla hujaenda.

Turudi kwako, kwa huyo wifi yako aliyekushauri uache simu chini ya kiti ikiwa imewashwa, bodi ikiwatoa nje wajadiliane. Usimsikilize! Mpende, mpikie pilau, lakini hilo usimsikilize. Virginia inataka ridhaa ya mmoja anayeshiriki mazungumzo, na ukishatoka chumbani wewe si mshiriki tena. Hapo umewategea watu masikio, nalo ni kosa la jinai hukohuko Virginia. Kikao cha faragha wanaruhusiwa kukifanya wakizungumza na wakili, au wakijadili kesi, wafanyakazi na ukiukaji wa kanuni kama huu wa gari lenu. Lakini kabla ya kujifungia lazima watoe hoja mbele yenu na kutaja sababu, na wakishamaliza lazima warudi mkutanoni kupiga kura, la sivyo walichoamua ndani hakina nguvu. Hapo ndipo simu yako iwe juu ya meza, mbele ya macho yao. Mimi naona simu inayoonekana inafanya kazi kuliko iliyofichwa: watu huanza kuchagua maneno, na mwenyekiti hukumbuka ahadi zake.

Rekodi yenyewe usiirushe kwenye kundi la mtaa. Siku hiyohiyo andika umesikia nini na dakika ya ngapi, kisha watumie bodi barua pepe ukiomba muhtasari urekebishwe. Sauti ya jirani anayelalamikia deni lake haikuhusu, iache ilipo.

Kuhusu faini, kabla ya kukutoza walipaswa kukuita ujitetee, kwa barua ya mkononi au ya rejista, angalau siku 14 kabla. Kikomo ni dola 50 kwa kosa la mara moja, au dola 10 kwa siku kwa kosa linaloendelea, tena kwa siku zisizozidi 90. Wewe umeniambia wamekudai dola 300 kwa usiku mmoja, na sijaona mahali ulipotaja kuitwa. Itafute hiyo barua ya wito. Kama haipo, mpelekee wakili wa hapo jimboni karatasi zote kabla hujalipa hata senti.