Darasa la Sita la Goma

Mwaka 2021, masomo yalipokwisha, watoto wa darasa la sita walikaa juu ya mawe meusi ya uwanja. Mawe hayo yalishuka kutoka mlima Nyiragongo mwaka 2002, yakiwaka moto, yakaharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Walikumbuka nini? Jioni ya Mei 22, mbingu nyekundu. Siku tano baadaye, ardhi ikitetemeka bado, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wengi walikwenda Sake kwa miguu. Mama akabeba godoro. Daftari zikabaki nyumbani.

«Nitajenga nyumba kwa mawe haya», akasema mtoto wa fundi.

Msichana mmoja akataka kuupima mlima.

«Utaogopa!»

«Nimekwisha kuogopa», akajibu.

Maswali: Kwa nini watu walihama? Wewe ungebeba nini?